Mipira ya kulanti kwenda kwenye hita ya boti: dalili, chanzo, na pa kuishia

Malalamiko yanafanana mno. Mtu amebadilisha ile mipira miwili inayotoka kwenye injini kwenda kwenye hita ya maji ya boti yake ya matanga. Amekaza klempu, amejaza kulanti (maji yenye dawa ya kupoza injini), amewasha injini. Nusu saa baadaye maji ya bombani bado ya baridi, au mshale wa joto umepanda kuliko ulivyozoea. Hapo lawama zote huangukia mipira mipya, na aliyeiuza naye hasalimiki.

Mara nyingi mipira haina kosa. Kosa ni hewa iliyobaki ndani yake, na ndiyo maana nitaizungumzia hewa kwa urefu.

Kwanza tuelewane mfumo ulivyo. Kulanti ya moto hutoka kwenye injini kwa mpira wa kwanza, huingia kwenye koili, yaani bomba lililozungushwa lililomo ndani ya tangi la hita, huzunguka humo, kisha hurudi kwenye injini kwa mpira wa pili. Maji ya kuogea yamo ndani ya tangi hilohilo, nje ya koili. Hayakutani na kulanti. Yanapata moto wake kupitia ukuta mwembamba wa koili. Ukuta huo uweke akilini, tutaurudia.

Kabla hujagusa kitu

Injini ipoe kabisa, si kupoa kwa kukisia. Kulanti iliyofungiwa chini ya presha hubaki maji hata ikiwa imepita nyuzi 100. Ukifungua kifuniko cha kulanti, presha inashuka ghafla na sehemu yake inageuka mvuke palepale, usoni mwako.

Zima umeme wa hita. Hita nyingi za boti zina elementi ya umeme kwa ajili ya bandarini, na ikiwaka tangi likiwa tupu huungua kwa muda mfupi sana.

Zima pia pampu ya ngama (inayotoa maji yanayokusanyika chini kabisa ya boti) inayojiwasha yenyewe, kwa sababu kulanti itamwagika tu, hata uweke beseni namna gani, na haitakiwi kwenda baharini. Kulanti ya kawaida ina ethilini glaikoli, ambayo ina utamu na ni sumu kwa watu na wanyama. Futa kila tone. Kisha usisahau kuiwasha tena pampu hiyo. Bandika karatasi kwenye swichi kama unajijua.

Injini ina moto, maji ya bombani ni ya baridi

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Endesha injini ikiwa na mzigo, yaani boti inakwenda au imefungwa gatini na gia imeingia, kwa dakika 20 hivi. Dizeli inayonguruma polepole bila mzigo haitoi joto la maana, na wapo wengi waliofungua mipira kwa ugonjwa huo ambao si ugonjwa.

Halafu nenda kwenye hita, mbali na mikanda ya injini inayozunguka, uguse mipira yote miwili pale inapoingia kwenye tangi. Gusa kwa mgongo wa vidole na utoe haraka, maana mpira unaweza kufika nyuzi 80. Vidole vitakusimulia mengi.

Mmoja wa moto, mwingine wa vuguvugu: mzunguko upo, tangi linachukua joto. Subiri tu.

Mmoja wa moto, mwingine wa baridi kabisa: kulanti imefika mlangoni haipiti.

Yote ya baridi: kulanti haijatoka hata kwenye injini.

Yote ya moto sawasawa na bado bomba linatoa maji baridi: upande wa kulanti ni mzima. Kagua vali ya kuchanganyia maji ya moto na baridi, maana ikikwama hupitisha baridi tupu. Kagua pia kama mabomba ya maji ya kuingia na kutoka kwenye tangi yamebadilishana nafasi.

Tuzichukue hali mbili za katikati, kwa mpangilio wa kinachotokea zaidi.

*Hewa.* Fuatilia mpira kwa macho. Unapanda ukuta wa chumba cha injini, unashuka chini ya sakafu, unapita kando ya tangi la mafuta, unapanda tena kwenye hita. Kila mgongo wa njia hiyo ni kituo cha hewa. Pampu ya injini imetengenezwa kuzungusha maji. Ikikutana na pumba la hewa kwenye mgongo, mara nyingi inashindwa kulisukuma upande wa pili, na maji yanabaki yamesimama pande zote mbili.

Kuna hesabu ndogo inayoumbua hewa. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 16 hubeba takriban lita 0.2 kwa kila mita. Wa milimita 19 hubeba karibu lita 0.28. Kama umeweka mita 8 za mpira wa milimita 16, kwenda na kurudi, mipira peke yake inataka lita 1.6, na koili bado hujaihesabu. Sasa ikiwa umemimina nusu lita na tangi la kulanti likaonekana limejaa, hujajaza mfumo, umejaza mdomo. Ndiyo maana napenda kupima kilichotoka kwenye ndoo kabla ya kumimina kipya.

Kuitoa, anza na njia nyepesi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, jaza, washa injini kwa mwendo mdogo, na minyaminya mipira kwa mkono ukianzia kwenye hita kuja kwenye injini. Mapovu yatatoka, kimo kitashuka, ongeza. Funga kifuniko kabla injini haijapata moto.

Ikigoma, zima na uache ipoe, kisha chomoa mpira wa kurudi upande wa injini, uzibe kwa muda ule mdomo wa injini ulioachwa wazi, na uinue ncha ya mpira juu kuliko kila kitu. Chomoa na wa kwenda, uweke faneli, na mimina kulanti taratibu mpaka itokee upande wa pili bila povu. Kazi hii inataka watu wawili, na mmoja wao atalowa. Kisha rudisha ncha haraka zikiwa zimejaa, mmoja baada ya mwingine.

Ikiwa kila msimu unarudia zoezi hilo, tatizo ni njia ya mpira. Ushushe ule mgongo, au weka kiungo cha T chenye skrubu ya kutolea hewa pale palipo juu zaidi.

Lipo jambo moja linalowatesa watu miaka: hita iliyowekwa juu kuliko kifuniko cha kulanti cha injini. Hapo hutajaza mfumo kwa kumiminia kwenye injini, hata ukeshe, kwa sababu maji hayapandi kwenda juu ya mdomo uliomiminia. Dawa yake ni tangi la ziada la kulanti lililo juu ya hita, lenye kifuniko cha presha, na kile kifuniko cha injini kibadilishwe kiwe kisichopumua, yaani kisicho na vali ya presha. Namna ya kuliunganisha huelekezwa kwenye kitabu cha injini yako, usibuni.

*Mpira uliobanwa au kukunjika.* Mpira laini ukipindishwa kona kali hujikunja ndani, na ukishapata moto hulala kabisa. Wa kurudi ndio dhaifu zaidi kwa sababu pampu inauvuta. Kona kali iwekewe kiwiko, usiulazimishe mpira. Na angalia ndani ya makabati unamopita. Niliwahi kutafuta hewa kuanzia asubuhi hadi jioni, nimemwaga kulanti mara tatu, kumbe sanduku langu mwenyewe la spana lilikuwa limeukalia mpira chini ya benchi.

*Koki iliyofungwa.* Baadhi ya mifumo ina koki ndogo pale mipira inapotoka kwenye injini. Aliyeifunga wakati wa kazi ni wewe.

*Midomo isiyo sahihi.* Kulanti hutembea kwa sababu upande mmoja una presha na mwingine unavutwa na pampu. Ukiunganisha mipira yote miwili upande wa presha, haitatembea. Lakini kubadilishana tu kwa mpira wa kwenda na wa kurudi kwenye midomo iliyo sahihi si msiba: mzunguko utageuka ndani ya koili, na hita itapasha kama kawaida au pungufu kidogo. Usivunje kazi kwa hilo.

*Thamostati iliyokwama wazi.* Thamostati ni vali inayofunguka kulanti ikipata moto. Ikikwama wazi, mshale wa joto haufiki mahali pake, na hata injini yenyewe inachelewa kushika moto. Badilisha thamostati. Kama injini yako hupozwa moja kwa moja na maji ya bahari, bila kulanti, thamostati yake hufunguka kwenye joto dogo, kiasi cha nyuzi 50 hadi 60, na maji ya vuguvugu ndiyo kipimo chako. Kwenye injini hizo chumvi huganda ndani ya koili, kwa hiyo sababu inayofuata ipandishe juu.

*Koili iliyoziba.* Tenga mipira yote miwili, pitisha maji safi ya presha ndogo kwenye koili kwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Yakitoka kwa kudondoka, koili imejaa kutu au chumvi.

Injini inachemka tangu mipira ibadilishwe

Zima. Mengine baadaye.

Kisha, kabla ya kufikiria mipira, tazama koki ya maji ya bahari. Wengi huifunga wanapoanza kazi kwenye chumba cha injini, jambo zuri, na kuisahau wanapowasha. Kama egzosi haitemi maji, umepata jibu. Ukiifungua na bado maji hayatemwi, impela (gurudumu la mpira lenye mabawa) ya pampu ya maji ya bahari imekwisha. Haivumilii kuzunguka kavu. Ifungue, na ukikuta vipande vimekatika, vitafute vyote, kwa sababu huenda kukwama kwenye kibadilisha joto, pale maji ya bahari yanapopoza kulanti.

Cha pili kwa wingi ni kulanti kupungua baada ya safari ya kwanza. Hewa iliyokuwa kwenye mipira imejikusanya juu, chini ya thamostati, na thamostati iliyozungukwa na hewa huchelewa kufunguka. Injini ipoe, ongeza, rudia. Kushuka mara moja au mbili ni kawaida. Mara ya nne si kawaida tena.

Ukiwa huna uhakika, itenge hita. Chukua kipande kifupi cha mpira wa kulanti, kipindishe umbo la U, kiunganishe midomo miwili ya injini pamoja, na hita ibaki nje ya mzunguko. Endesha. Joto likitulia, tatizo liko kwenye mipira mirefu au koili. Likipanda vilevile, acha kuisumbua mipira. Ugonjwa uko kwenye injini. Kwa dakika chache za kazi umeigawa boti nusu kwa nusu.

Simama na umwite fundi wa injini ikiwa mapovu yanaendelea kutoka kwenye tangi la kulanti bila kukoma wakati hewa ilishatolewa, ikiwa mipira inakuwa migumu kama mbao mara tu baada ya kuwasha injini baridi, au ikiwa kwenye kipimo cha oili kuna utelezi wa rangi ya maziwa, mzito kama losheni. Hizo ni dalili za gasketi ya hedi iliyoharibika au kitu kikubwa zaidi. Kuiendesha hivyo hata mwendo mfupi kunaongeza uharibifu.

Kulanti inapungua

Funga karatasi kavu ya tishu kuzunguka kila klempu jioni, ukaitazame asubuhi. Maungio mengi huvuja yakiwa baridi tu: mpira na chuma vinanywea, tone linatoka, injini ikiwaka vinatanuka, tone linakauka. Ndiyo sababu ukichungulia injini ikiwa moto unakuta pakavu, lakini pua inasikia harufu tamutamu.

Chanzo cha kwanza ni klempu. Mpira mpya hulegea baada ya kupata moto mara ya kwanza, kwa hiyo kaza tena ukiwa baridi baada ya safari ya kwanza. Kaza mpaka ushike, usikaze mpaka mpira ujitokeze kwenye matundu ya mkanda. Bora zaidi ni klempu za chuma cha pua ambazo ndani ya mkanda ni laini, bila matundu ya kuukata mpira. Mbili kwa kila ungio ni nzuri pale tu mdomo ulipo mrefu wa kutosha. Klempu ya pili iliyokaa nje ya mdomo hukata mpira na haizuii kitu.

Cha pili ni mdomo wenyewe. Mpira wa zamani ukitoka huacha ukoko na kutu, na mpira mpya ukivikwa juu ya ukoko unavuja hata ukazwe vipi. Safisha kwa msasa laini mpaka paonekane chuma. Ukikuta mdomo umeliwa na kuwa mwembamba, au umelegea kwenye silinda hedi, usiusokote. Ukikatikia ndani, hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kutolea kipande, na si ya bisibisi yako.

Cha tatu ni kile kibadilisha joto cha injini, ambacho kikitoboka hupeleka kulanti baharini kimyakimya kupitia egzosi. Tazama rangi ya maji yanayotemwa. Usionje.

Cha nne ndicho adimu na ndicho cha hatari: koili iliyotoboka ndani ya hita. Hapa ule ukuta mwembamba unarudi. Pampu ya maji ya kuogea husukuma kwa bar 2 hadi 3 hivi, wakati kulanti kwa kawaida haifiki hata bar 1. Kwa hiyo pampu ikiwa imewashwa, maji ya kuogea huingia kwenye kulanti, na tangi la kulanti linajaa na kumwagika bila mtu kuongeza kitu. Pampu ikizimwa na injini ikiwa moto, mkondo unageuka: kulanti inaingia kwenye maji ya kuogea. Mwenye boti anaona leo imezidi, kesho imepungua, anachanganyikiwa.

Kipimo: injini baridi, kifuniko wazi, mabomba yote yamefungwa, washa pampu ya maji. Kaa kimya usikilize. Pampu ikijiwasha kila baada ya muda ilhali hakuna bomba lililo wazi, na kimo cha kulanti kikawa kinapanda, koili imetoboka.

Hapo hakuna kuziba kwa gundi. Acha kutumia maji yote ya mfumo huo, ya kunywa, ya kupikia na ya kupiga mswaki, itenge hita kwa ule mpira wa U, na hita ibadilishwe au ikatengenezwe na fundi, kisha mabomba yote yasafishwe. Aliyekwisha kunywa maji hayo aende hospitali mara moja, asingoje kuumwa.

Mpira umevimba, umelainika au umepasuka mapema

Ukilainika na kunata sehemu moja tu, kuna oili au dizeli inayoudondokea. Mipira ya kulanti hutengenezwa kwa mpira wa EPDM, unaostahimili joto vizuri lakini hauelewani na mafuta. Ziba uvujaji wa mafuta kwanza, la sivyo na mpya utakwenda njia hiyohiyo.

Ukipasuka wote kwa pamoja ndani ya muda mfupi, ulinunua mpira usiohusika. Ule wa plastiki unaong'aa wenye nyuzi ndani, unaotumika kwa maji baridi, hulainika kwa joto la kulanti na kuchomoka kwenye mdomo wake. Tafuta ulioandikwa kuwa ni wa kulanti au wa hita, wenye kitambaa katikati ya tabaka, unaostahimili nyuzi 100 kwenda juu.

Ukiwa na jeraha refu upande mmoja, unasuguana na kitu. Uvishe kipande cha mpira wa zamani na uufunge usicheze, mbali na egzosi.

Wa zamani ukiwa umegandia kwenye mdomo, usiuvute kwa kuzungusha. Chukua kisu kikali, upasue kwa urefu wake juu ya mdomo, kidogokidogo, bila kuchana chuma chini yake, kisha uufungue kama ganda. Mpira ni wa kutupwa. Mdomo ndio ghali. Na kabla ya kuuvuta utoke chini ya sakafu, funga kamba imara kwenye ncha yake, ili kamba ibaki njiani na ikuvutie mpya. Mpya upake maji ya sabuni au kulanti uteleze, si grisi.

Vali ya usalama ya hita inadondosha maji

Maji yakipata moto hutanuka, na matone machache wakati wa kupasha ni kawaida. Yakiwa mengi, panahitajika tangi dogo la kupokea mtanuko, au vali imechoka. Usiizibe kamwe kwa kizibo. Hilo ni tangi la maji ya moto lisilo na pa kupumulia.

Na ukifanikiwa kupita kiasi, maji yakawa ya moto kama injini, weka vali ya kuchanganyia. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na kwa mtoto ni haraka zaidi.

Ule mpira wa umbo la U usiutupe baada ya kipimo. Wangu umefungwa kwa kamba kando ya injini, klempu zake mbili zimeshavikwa, na bisibisi inayozitosha imechomekwa katikati yake.